Barua ya wazi kwa Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule: Ruhusuni watoto wavae majaketi msimu wa baridi

Njombe,
Aprili 2025

Kwa Mwalimu Mkuu,
Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Shule,

YAH: KANUNI YA MAVAZI YA WANAFUNZI KATIKA MIEZI YA BARIDI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa wanafunzi wawili wa shule yenu, mmoja wa darasa la tatu na mwingine wa darasa la sita. Jina langu mnalo katika daftari la mikutano ya wazazi, na mnalo pia chini ya barua mbili nilizowaletea kwa mkono wangu, ya kwanza mwezi Agosti mwaka jana na ya pili Februari mwaka huu. Ile ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo, nikiwa nimesimama mlangoni, kwamba kanuni ni kanuni. Ya pili sijajibiwa hadi leo. Katika mkutano wa wazazi wa Novemba nilinyoosha mkono nikaambiwa jambo langu litaingia kwenye mengineyo, na mengineyo yenyewe hayakufikiwa, kwa sababu mvua ilianza kunyesha na watu wakatawanyika. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Shule sikuitaja kwa makusudi, kwa kuwa sitafuti kumwaibisha mtu, na kwa kuwa nina hakika wazazi wengi wa nyanda hizi wakiisoma barua hii watadhani inaisema shule ya watoto wao.

Nitangulize pia jambo ambalo najua litasemwa nyuma ya mgongo wangu nisiposema mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, na sare za shule nimezishona kwa miaka mingi. Wapo watakaosema natafuta soko. Basi nawaahidi mbele ya kila atakayesoma kwamba, ombi langu likikubaliwa, sitashona wala kuuza kipande chochote cha sare ya shule hii, isipokuwa cha wanangu wawili.

Sare yenyewe siipingi. Katika kazi yangu nimewaona watoto ambao nguo yao pekee isiyo na kiraka ni sare. Jumapili wanaivaa kanisani, na pakitokea msiba wanaivaa makaburini. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa kila mmoja aje na nguo za nyumbani, ataonekana hali yake yote mbele ya mwenzake ambaye kwao wana duka. Kwa hiyo sitaki watoto waje shuleni kama waendao harusini. Ninachosema ni kwamba sare ni nguo kabla ya kuwa sare, na nguo isiyomkinga aliyeivaa na baridi imeshindwa kazi yake ya kwanza, hata kama imenyooshwa pasi namna gani.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Watoto kuvuliwa majaketi getini

Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika msimu wa Juni hadi Agosti, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita kipupwe na kuutolea mwelekeo kila mwaka, alfajiri za hapa hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na sisi tunaoamka kuwasha moto tunajua kwamba zipo siku zinazopita hapo. Shule zikifunguliwa mwezi Julai baada ya likizo, watoto wanarudi darasani baridi ikiwa ndiyo imekolea. Shati jeupe na kaptula ya bluu, au shati jeupe na sketi ya bluu, ni mavazi yanayomfaa mtoto wa Tanga au Dar es Salaam, ambako Julai ndio mwezi watu wanaoushukuru kwa upepo wake. Sisi Julai hatuishukuru, tunaivumilia.

Wanangu hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, wakakatiza mashamba ya viazi na kupita kando ya shamba la miti, na hufika shuleni wamelowa umande hadi magotini. Getini husimama mwalimu wa zamu na viranja wawili. Aliyevaa jaketi juu ya sweta analivua, jaketi linapelekwa ofisini, na mtoto anaingia mstarini akiwa na shati na sweta ambalo, kama nitakavyoeleza hapo mbele, ukilinyanyua dirishani unaona upande wa pili. Mwalimu anayewavua huwa amevaa koti refu na skafu shingoni. Simlaumu hata kidogo kwa kuvaa. Nauliza tu baridi hiyo inatambuaje kwamba huyu ni mwalimu na yule ni mwanafunzi.

Matokeo yake nayasoma kwenye madaftari. Daftari la mwanangu wa darasa la tatu lina miandiko miwili: wa vipindi vya asubuhi, uliopinda na kuruka mistari, na wa baada ya saa nne, jua likishaingia darasani na vidole vikitoka ganzi. Mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu, "Boresha mwandiko." Mtoto wa jirani yangu ana pumu, na mama yake anajua, kama anavyojua muuguzi yeyote, kwamba hewa ya baridi humbana kifua mwenye pumu. Alipomwombea mwanawe ruhusa ya kuvaa jaketi aliambiwa alete cheti cha daktari. Cheti hicho ni nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kibarua cha siku nzima kilichopotea, ili ithibitishwe kwa muhuri kwamba Njombe mwezi Julai kuna baridi.

Majibu yenu ninayajua, kwa kuwa nimeyasikia kwa nyakati tofauti kutoka kwa watu tofauti, nami naomba niyapitie.

Mnasema majaketi yatavuruga sare kwa sababu kila mtoto atakuja na rangi yake. Ni kweli kwamba wengi wetu tunayanunua mnadani, na mtumba hauchagui rangi ya shule. Lakini jaketi la bluu iliyokolea au jeusi halikosekani mnadani, na kama hata hilo mnaliona gumu, amrisheni zipu ziwe wazi wakati wa mstari ili sweta na kola ya shati vionekane. Sare itakuwa palepale ilipo, chini ya jaketi, na jua likipanda watoto watayavua wenyewe bila kuamriwa na kiranja.

Mnasema majaketi yataibiwa na shule haina muda wa kusuluhisha kesi za majaketi. Hapo nina jibu la fundi. Jina la mtoto likitariziwa ndani ya kola kwa uzi wa rangi nyingine, kulifumua bila kuacha alama ni kazi ngumu hata kwangu mimi. Na ikiwa hofu ni wizi, sielewi kwa nini dawa yake imekuwa ni kuyarundika majaketi hayo ofisini bila hata karatasi ya majina.

Jibu la tatu huwa halitolewi na walimu bali na wajumbe wa kamati wenye umri kama wangu: kwamba sisi tulisoma pekupeku, bila jaketi wala sweta, na bado tukawa watu. Nami pia nilisoma pekupeku. Nakumbuka nyufa za visigino zilizokuwa zikitoa damu, ila sikumbuki somo hata moja nililojifunza kutoka kwenye nyufa hizo. Tuliokosa viatu tulikosa kwa sababu wazazi wetu hawakuwa navyo. Hapakuwa na mtu aliyesimama getini kutuvua.

Na kwa kuwa desturi ya sare tuliirithi kwa Waingereza, niruhusiwe kukumbusha kwamba mojawapo ya sare kongwe kabisa za shule huko kwao ni ile ya Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto wa maskini. Sare hiyo ni koti refu la bluu linaloshuka kupita magoti, na wanafunzi wa shule hiyo wanalivaa mpaka leo. Walioanza desturi hii walianza kwa kumvika mtoto wa maskini koti.

2. Sweta la duka moja

Tangu mwaka juzi sweta la shule lina nembo iliyotariziwa kifuani, na linapatikana katika duka moja tu mjini kwa shilingi 25,000. Sweta la rangi hiyohiyo lisilo na nembo linauzwa sokoni kwa shilingi 14,000. Kama fundi, nilichukua moja kuukuu la mwanangu nikalifumua ili niijue tofauti. Ni uzi mwembamba wa akriliki, umefumwa kwa kuachana, na pindo la mkono halikukunjwa mara mbili, kwa hiyo likishafuliwa mara tano au sita linalegea na mkono unaning'inia hadi kwenye vidole. Wapo kina mama hapahapa petu wenye mashine za kufuma, wanaotengeneza sweta zito linalodumu miaka mitatu kwa bei ileile ya sokoni. La kwao linakataliwa kwa sababu halina nembo. Mzazi anaongeza shilingi 11,000 kwa ajili ya nembo, na nembo haina joto.

Sisemi kwamba kuna mtu anayefaidika. Sina ushahidi, na sipendi kumsingizia mtu. Nasema utaratibu wenyewe haukukaa sawa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango katika shule za umma, na Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ukafafanua nani anawajibika kwa jambo gani. Sare na madaftari vikabaki kwa mzazi. Januari 2018 Rais Magufuli akarudia kwa sauti kubwa katazo la michango, na sisi wazazi tukashangilia. Mzigo wa sare tuliupokea bila manung'uniko, kwa kuwa aliyeachiwa jukumu la kununua ameachiwa pia nafasi ya kuchagua anunue wapi kulingana na mfuko wake. Akishalazimishwa duka moja, ununuzi unakuwa mchango uliobadilishwa jina.

Mnasema nembo inasaidia kuwatambua wanafunzi wetu wakiwa mjini. Sawa, nembo ibaki. Tengenezeni kipande cha kitambaa chenye nembo hiyo, kiuzwe pale ofisini kwa bei ya gharama yake, kila mzazi akishonee mwenyewe kwenye sweta alilonunua au alilofuma. Kazi hiyo ni ya sindano ya mkono na robo saa. Hao Waingereza niliowataja walitunga sheria mwaka 2021 kuhusu gharama za sare za shule, na mwongozo uliofuata unazitaka shule za Uingereza zipunguze mavazi yenye nembo na zisijifunge kwa muuzaji mmoja bila kumshindanisha na wengine. Nchi yenye uwezo kuliko sisi imeona kwamba wazazi wake wanaumia. Sisi tunaiga nembo na kuacha nafuu.

3. Miguu iliyo wazi

Wavulana wanatakiwa kuvaa kaptula mwaka mzima, na wasichana sketi isiyo na kitu chini yake isipokuwa soksi. Msichana aliyevaa suruali au taiti nyeusi chini ya sketi Julai iliyopita aliambiwa akaivue chooni. Sababu iliyotolewa ilikuwa maadili, na hapo nakiri nilishindwa kufuata hoja, kwa sababu sijapata kusikia kwamba kufunika miguu kunaharibu maadili ya mtu. Wasichana Waislamu wa shule hii wanavaa hijabu, sketi ndefu, na wengine suruali chini yake, kwa mujibu wa ruhusa iliyopo katika shule za umma nchini, na miaka yote hiyo sare haijavurugika wala nidhamu haijapungua. Shule yenu imeonyesha yenyewe kwamba sare inaweza kumpa mtoto nafasi pale anapoihitaji. Sioni kwa nini nafasi hiyo isitolewe pia kwa ajili ya baridi. Kwa wavulana ni rahisi zaidi, kwani suruali ya kitambaa na rangi ileile ya kaptula inahitaji nyongeza ndogo tu ya kitambaa, na mtoto anayekua ataivaa miaka miwili kwa kushushwa pindo.

4. Soksi nyeupe

Udongo wetu ni mwekundu. Sijui ni nani aliyechagua nyeupe. Naomba ziwe nyeusi au za kijivu, na sina la kuongeza.

5. Mtoto kuadhibiwa kwa kosa la mfuko wa mzazi

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa mwaka jana, watoto ambao sweta zao hazikuwa na nembo walitolewa mstarini na kurudishwa nyumbani, wengine mwendo wa saa nzima, wakaambiwa wasirudi bila sweta sahihi. Mwanangu wa darasa la sita alikosa siku tatu za masomo, kwa kuwa siku tatu ndizo zilizonichukua kupata fedha. Mmoja wa wenzake alikosa wiki mbili. Waliobaki na majaketi kwa kuwaficha viranja walichapwa.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inanilazimu mimi mzazi kumwandikisha mwanangu na kuhakikisha anahudhuria, na nisipofanya hivyo naweza kufikishwa mahakamani. Nauliza, basi, mtoto aliyefika shuleni kwa miguu yake saa moja asubuhi, akarudishwa na shule yenyewe kwa sababu ya nembo, utoro wake unaandikwa kwa jina la nani? Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Ningependa kukiona kitabu hicho, nisome jinsi kosa la kuhisi baridi lilivyoandikwa. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu, uwe wa mzazi au wa taasisi ya umma.

Najua mtasema kwamba bila adhabu wazazi hawatanunua sare kabisa. Wapo wazembe, siwatetei. Lakini anayezembea ni mtu mzima mwenye jina na anwani. Mwiteni yeye, mkae naye, mpeni muda wa kununua, na ikibidi mpelekeni kwa Mtendaji wa Kijiji. Mtoto aachwe darasani.

Kutokana na hayo, naomba Kamati ya Shule ikubali yafuatayo kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya Juni:

(a) Kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Agosti, mwanafunzi yeyote aruhusiwe kuvaa jaketi au koti la rangi iliyokolea juu ya sare, pamoja na kofia ya sufu, bila kudaiwa cheti cha daktari.

(b) Shule itangaze rangi ya sweta pekee, na mzazi anunue au afume popote. Nembo iwe kipande cha kushonea.

(c) Suruali iruhusiwe kwa wavulana, na suruali au taiti nyeusi chini ya sketi kwa wasichana. Soksi ziwe za rangi isiyoonyesha udongo.

(d) Asirudishwe mtoto nyumbani wala kuchapwa kwa sababu ya vazi. Anayeitwa awe mzazi.

(e) Nijibiwe kwa maandishi, na jambo hili liwe agenda yenye namba yake katika mkutano ujao wa wazazi, si mengineyo.

Kwa upande wangu, nitaleta cherehani yangu shuleni Jumamosi yoyote mtakayopanga mwezi Mei, nitarizi majina ndani ya kola za majaketi ya watoto bila malipo, uzi nitakuja nao. Mafundi wenzangu wawili wameshakubali kuja.

Mwisho, jaketi la mwanangu wa darasa la tatu lililochukuliwa getini Julai iliyopita bado limo kwenye kabati la ofisi ya walimu. Ni la bluu iliyokolea, zipu yake imekatika upande wa chini, na mfuko wa kushoto nimeutia kiraka cha kaki. Nimelifuata mara mbili nikaambiwa nisubiri kikao. Naomba nilichukue kabla ya kipupwe kuanza, ingawa kwa sasa litakuwa limeshamwia dogo na itabidi nimpe mtoto mwingine.

Wenu katika malezi,

Mzazi wa wanafunzi wawili na fundi cherehani

Nakala: Afisa Elimu Kata, Mtendaji wa Kijiji